Taa ya LED ya kujitengenezea: joto lake liko mgongoni

Umeme wa kukatikakatika umewafanya vijana wengi wa Goma kuwa mafundi wa taa. Wananunua LED za wati 1, wanaziunga kwenye betri ya sola ya volti 12, kisha wanazibandika kwa gundi moja kwa moja kwenye ubao wa dari. Ubao huo ndio unaotutia wasiwasi sisi wa idara ya umeme chuoni, maana mitaa yetu mingi ni ya nyumba za mbao zilizobanana.

Ukiweka kiganja mbele ya LED hutahisi joto, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Zaidi ya nusu ya umeme inaoupokea hugeuka joto, ila joto hilo hutokea nyuma. Ubao haulipitishi. Tafuta kipande cha alumini, hata cha sufuria kuukuu, ukisugue kwa msasa kiwe bapa, upake mafuta ya kupitisha joto kwa wembamba sana, ndipo ufunge LED kwa skrubu. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya alumini na mbao, hewa ipite. Usiifungie ndani ya kopo la plastiki.

Kosa linalounguza taa nyingi, hata hivyo, huanzia kwenye hesabu. LED nyeupe ya aina hii hutaka takriban volti 3.2 na mkondo (wingi wa umeme unaopita) wa miliampea 350. Fundi anaunga tatu mfululizo, jumla volti 9.6, anaongeza rezista (kipande kinachobana mkondo) ya omu 6.8 ili ibebe zile 2.4 zinazobaki. Hesabu ni sahihi, lakini betri ya volti 12 haikai kwenye 12! Paneli ikiichaji mchana hufika 14.4. Rezista inajikuta na volti 4.8, na mkondo unakaribia mara mbili. Tena LED ikishapata moto, volti zake hushuka, mkondo unazidi kupanda, na joto linaongezeka juu ya joto.

Dawa nzuri ni draiva, kifaa kinachoshikilia mkondo usibadilike. Kama huna, weka rezista ya omu 15, ya wati 3 au zaidi. Usiku mwanga utapungua, kweli, lakini mchana LED zitabaki salama.

Fyuzi ya ampea 1 ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, si kwenye taa. Waya zikigusana njiani bila fyuzi, betri ya madini ya risasi na asidi humwaga mamia ya ampea, na waya huwa mwekundu ukiwa umelala juu ya ubao.

Kabla ya kuipandisha darini, iwashe nusu saa adhuhuri, betri ikiwa inachajiwa, kisha ushike alumini. Ukishindwa kuishikilia kwa sekunde tano, tafuta kipande kikubwa zaidi au punguza mkondo.