Kura ya turufu ni nini, na kwa nini wakubwa hawashikiki

Wanaocheza karata wanajua turufu: hata ikiwa ndogo, inakula karata kubwa ya aina nyingine. Jina la kura hii limetoka huko, na linafaa.

Kura ya turufu ni uwezo walio nao wajumbe watano wa kudumu wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, wa kuliua azimio kwa kulikataa. Baraza lina wajumbe 15. Azimio hupita kwa kura 9, lakini hata 14 wakikubali, hapana ya mmoja wa hao watano inatosha kulizika. Ni mambo ya utaratibu tu yasiyoguswa na turufu.

Wengi huisikia habari zinapozungumzia vita. Mimi naona uzito wake wote unaonekana baada ya mahakama kutoa hukumu.

Mwanzoni mwa 1984 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitega mabomu baharini kwenye bandari za Nicaragua, Corinto ikiwemo, huku waasi wa Contra, waliopigana na serikali ya Nicaragua, wakipewa silaha na fedha. Nicaragua ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Tarehe 27 Juni 1986 mahakama ikaamua kwamba Marekani imevunja sheria na inapaswa kulipa fidia. Marekani ilikuwa imeshasusia kesi tangu mwaka uliotangulia. Sasa nani ailazimishe? Ibara ya 94 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inasema aliyeshinda, asipotekelezewa hukumu, anaweza kulalamika kwa Baraza la Usalama. Nicaragua ikalalamika. Tarehe 28 Oktoba mikono ikanyooshwa: 11 wanataka hukumu iheshimiwe, 3 hawako upande wowote, mmoja anakataa. Huyo mmoja ni Marekani, mshtakiwa mwenyewe. Ndiyo ile kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Fidia haikulipwa, na mwaka 1991 serikali mpya ya Nicaragua ikaiondoa kesi.

Sasa tazama Uganda. Mahakama ileile iliamua Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuingiza majeshi yake Kongo na kuwasaidia waasi huko. Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Uganda ilinung'unika, lakini awamu ya kwanza ikalipwa mwaka huohuo. Sisemi Uganda ilionewa. Watu wa Ituri na Kisangani walipoteza ndugu na mali, na fidia ni haki yao. Ila kuwasaidia waasi wa nchi ya jirani lilikuwa kosa pia kwenye kesi ya Nicaragua, na watu wa Corinto nao walikuwa na haki yao. Tofauti ni kwamba mshtakiwa mmoja ana turufu mkononi na mwingine hana.

Hata hivyo turufu huzuia azimio tu, haizuii kila kitu. Mwaka 1956, Uingereza na Ufaransa zikijiandaa kuishambulia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, zilitumia turufu zao barazani na zikaendelea na mpango. Pauni ya Uingereza ikayumba, Marekani ikagoma kuisaidia hadi majeshi yaondoke, na kabla mwaka haujaisha yakawa yameondoka. Waziri Mkuu wa Uingereza, Anthony Eden, alijiuzulu Januari 1957. Lakini aliyewabana alikuwa mkubwa mwenzao.

Njia nyingine ni mahakama za taifa kubwa lenyewe, ambako turufu haina kazi. Wazee wa Kenya walioteswa kambini wakati wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Serikali ilijitetea kwamba muda umepita mno, na mwaka 2012 jaji akaukataa utetezi huo. Juni 2013 serikali ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228, gharama za kesi zikiwa humo humo. Mateso yenyewe yalikuwa ya miaka ya 1950. Mmoja wa wazee watano waliofungua kesi hiyo mwaka 2009 alifariki kabla ya kupata jibu.