Kwa nini sichori kila kilichoandikwa

Mwezi huu nimerudishiwa tena vichoro vya awali vya kitabu cha picha, na pembeni mwa ukurasa wa sita mwandishi ameandika: "Sentensi inasema Asha anamsubiri baba, basi baba yuko wapi? Na huyu mbuzi ametoka wapi, mbona hamo katika hadithi?" Wanaoniuliza maswali ya namna hii ni watu makini, wengi wao walimu waliofundisha madarasa ya awali kwa miaka mingi hapa Kigoma, na ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu badala ya kuendelea kumjibu kila mmoja peke yake.

Imani iliyo nyuma ya maswali hayo ni kwamba mchoraji hupokea sentensi na kuionyesha kama ilivyo: ikitajwa nyumba, pachorwe nyumba, ikitajwa furaha, mtoto achorwe akitabasamu, kisichotajwa kisiwepo. Naelewa inakotoka. Wengi wetu tulikutana na picha kwa mara ya kwanza katika vitabu vya kiada, na huko kanuni hiyo ni sahihi kabisa, kwa sababu mtoto anayejifunza kusoma neno "ng'ombe" anahitaji kuona ng'ombe, mmoja, kwa ubavu, bila wingu wala mchungaji wa kumchanganya. Kitabu cha picha ni kazi nyingine. Humo maneno na michoro hugawana usimulizi, na mchoro unaorudia tu sentensi iliyo chini yake umempotezea mtoto ukurasa mzima.

Nichukue sentensi hiyohiyo iliyozua ubishi: "Asha alishuka ziwani kumsubiri baba." Ni maneno matano, na yameacha karibu kila kitu bila kusemwa. Ni saa ngapi? Amekwenda peke yake? Amebeba nini? Amezoea kumsubiri, au leo kuna jambo? Mwandishi hakuyajibu hayo, na alifanya vyema, maana angeyajibu yote angekuwa na aya nzima ambayo mtoto wa miaka mitano asingevumilia kuisikiliza. Mimi ndiye ninayepaswa kuyajibu. Kwa hiyo nimechora ufuko wa Kibirizi asubuhi, mitumbwi mingine ikiwa imekwisha kuvutwa mchangani, kina mama wakiondoka na mabeseni yaliyojaa dagaa, na Asha amesimama akiwapa mgongo wote, beseni lake tupu, akitazama maji. Baba hayumo katika picha kwa sababu kutokuwepo kwake ndiyo hadithi yenyewe ya ukurasa huo. Mtoto akitazama ataelewa kwamba baba amechelewa kabla hajaambiwa na mtu yeyote, na kwa kuwa amegundua mwenyewe, ataingiwa na wasiwasi wa Asha badala ya kuarifiwa tu kwamba Asha ana wasiwasi.

Ndiyo maana sentensi iliyofuata, "Baba alikuwa amechelewa sana," nimeomba ifutwe. Hapa ndipo waandishi wengi hukasirika, nami sitarudi nyuma. Mchoro ukishasema jambo, sentensi inayolisema tena humfundisha mtoto kwamba hana haja ya kutazama.

Sasa mbuzi. Kitabu cha picha kwa kawaida husomwa na watu wawili kwa wakati mmoja: mkubwa anayesoma maneno kwa sauti na mtoto ambaye bado hajui kusoma, lakini ana macho, na macho yake yana muda mwingi kuliko ya mkubwa. Wakati mama au kaka anasoma sentensi, mtoto huyo amekwisha kuzunguka ukurasa mzima. Nikimwekea mbuzi anayemfuata Asha kutoka nyumbani, anayekula ukingo wa mkeka uliotandikiwa dagaa, na ambaye mwishoni ndiye wa kwanza kugeuza masikio kuelekea mtumbwi wa baba, mtoto anapata hadithi ambayo msomaji mkubwa hakuisoma. Ataisimulia yeye. Atamwambia mkubwa, "Subiri, tazama mbuzi," na mkubwa atalazimika kusimama. Kwangu mimi hilo ndilo tukio muhimu kuliko yote yanayoweza kutokea kati ya watu wawili na kitabu, na sikubali mbuzi aondolewe eti kwa sababu hakutajwa.

Jambo hili si ubunifu wangu wala si mtindo wa juzi. Randolph Caldecott, mchoraji wa Uingereza aliyeishi kati ya mwaka 1846 na 1886, alikuwa akichukua mashairi mafupi ya watoto na kuyazungushia matukio ambayo maneno hayakuyataja hata kidogo, na wengi humhesabu kuwa mwanzilishi wa kitabu cha picha kama tunavyokijua. Medali inayobeba jina lake hutolewa Marekani tangu mwaka 1938, nayo hupewa mchoraji, wala si mwandishi.

Lakini wapo wanaosikia hoja hii na kudhani kwamba nadai uhuru wa kubuni ovyo. Ni kinyume chake. Mchoraji anayesema yale ambayo maneno hayakuyasema anawajibika kuyajua, na hapo uzembe huonekana haraka. Nimeona picha za wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wakivua kwa taa chini ya mwezi mpevu. Inapendeza machoni, lakini si kweli, kwa sababu dagaa hufuata mwanga, na mwezi ukiwa umejaa mwanga umetapakaa ziwa zima, taa za wavuvi hazivuti tena kitu, nao hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Mtoto wa mvuvi anayajua hayo kabla hajajua herufi. Nimeona pia jua likichomoza kutoka majini. Huko Dar es Salaam hiyo ni sawa, bahari iko mashariki. Huku kwetu maji yako magharibi, jua huchomoza nyuma ya vilima na kuzama upande wa milima ya Kongo. Kwa hiyo katika ukurasa wangu wa asubuhi kivuli cha Asha kinaanguka mbele yake, kuelekea ziwani, na uso wake uko kwenye kivuli, jambo lililonisaidia kuficha machozi ambayo sikutaka yaonekane mapema. Na sokwe wa Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, iliyo kaskazini mwa mji wetu kiasi cha mwendo wa boti, hana mkia. Naomba hili lieleweke mara moja tu: sokwe hana mkia.

Mambo ya kiufundi nitayapitia upesi. Kitabu cha picha mara nyingi huwa na kurasa 32 kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa katika vifungu vya kurasa 8 au 16, na kurasa za mwanzo zikishachukuliwa na jina la kitabu na taarifa za mchapishaji, hadithi hubaki na jozi 12 hadi 14 za kurasa zinazotazamana. Uso wa mhusika hauwekwi katikati ya jozi, utamezwa na mkunjo. Rangi huongezwa milimita 3 nje ya ukingo ili kisu cha kukatia kisiache mstari mweupe. Bluu inayong'aa kwenye skrini ya simu haitatoka hivyo kwenye karatasi, kwa sababu skrini hutoa mwanga na wino hauutoi, hivyo tafadhali msiidhinishe rangi za ziwa kwa kutazama simu.

Kuna eneo moja ambalo sina uhakika nalo, na vitabu vya kufundishia uchoraji hulieleza kana kwamba limekwisha kuamuliwa. Tunaambiwa kwamba anayekwenda safari achorwe akielekea kulia, kwa sababu huko ndiko kurasa zinakofunguliwa, na anayerudi aelekee kushoto. Nami hufanya hivyo. Lakini watoto wengi wa Ujiji hukaa madrasa wakisoma kutoka kulia kwenda kushoto hata kabla hawajaingia darasa la kwanza, na nikiwatazama wakifungua kitabu, wapo wanaoanzia jalada la nyuma na kuusoma msafara wangu wote kinyume, baba akirudi nyumanyuma kuingia ziwani. Je, mwelekeo huo una nguvu ileile kwao? Sijui kama tabia ya kitabu kimoja huhamia kwenye kingine. Kwa tahadhari, siku hizi siachi maana ya ukurasa itegemee mwelekeo peke yake. Anayekwenda ana beseni tupu, anayerudi ana beseni zito.

Shaka yangu ya pili ni juu ya kukata miili. Kuchora uso mkubwa unaojaza ukurasa, kichwa kikikatwa na ukingo wa juu, huleta ukaribu na hisia, na mchoraji yeyote atakwambia hivyo. Mtoto aliyezoea vitabu na televisheni haulizi kitu. Mtoto ambaye hicho ni kitabu chake cha kwanza huweza kuuliza nani amemkata Asha miguu, na anauliza kwa hofu ya kweli. Sitaki kuacha picha za karibu, na sitaki kumtisha mtoto huyo. Kwa sasa huanza kitabu kwa kumwonyesha mhusika mzima, kutoka utosini hadi kwenye kandambili, halafu humsogelea kidogo kidogo ukurasa kwa ukurasa, nikitumaini kwamba mtoto atasogea pamoja nami. Inaelekea kufaa, ingawa sijapata namna ya kuwa na hakika.

Basi ndugu mwandishi, unapotuma mswada, usiniandikie kilichomo katika kila picha. Niambie yale yasiyobadilika na ambayo maneno yako hayakuyataja: kwamba hadithi inatokea kiangazi, kwamba bibi ni kipofu, kwamba nyumba iko Kasulu mlimani na si ufukweni. Ikiwa baba anachechemea, na jambo hilo litahitajika ukurasa wa 27, nijulishe kabla sijaanza ukurasa wa 4, kwa sababu katika kurasa zote zilizo kati atakuwa amekwisha kutembea mbele ya mtoto mara nyingi, na mtoto atakuwa ameyatazama magoti yake.