Kuinua gari kwa springi: maana yake nini, na unapangaje kama ndo gari ya kila siku

Mtu akisema gari yake "imeinuliwa inchi mbili", wengi tunawaza kitu kimoja tu, kwamba gari sasa iko juu. Iko juu kweli, ila hiyo ndo sehemu ndogo kabisa ya habari. Kuinua kwa springi maana yake umeongeza nafasi kati ya chesisi (fremu ya chuma chini ya bodi) na ekseli (mhimili unaoshika tairi), na ukishaongeza hiyo nafasi kila kitu kilichofungwa kati ya hivyo viwili, yaani shokapu, mipira ya breki, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli), mikono inayoshika ekseli, vyote vinakaa kwenye pembe mpya ambayo waliounda gari hawakuipigia hesabu. Kwa gari ya porini tu hiyo haisumbui sana. Kwa gari inayopeleka watoto shule Jumatatu na kuingia matopeni Jumamosi, hapo ndo kazi ilipo.

Kuna njia nyingine ya kuinua ambayo watu wanaichanganya na hii, ile ya kuweka vipande kati ya bodi na chesisi. Hiyo inainua bodi peke yake, springi haziguswi, chesisi inabaki palepale. Inasaidia tairi kubwa ziingie, basi. Na kwa gari ambayo bodi na chesisi ni kitu kimoja, kama Pajero za kuanzia kizazi cha tatu, haiwezekani hata ukitaka.

Sasa kitu ambacho watu wakiambiwa wanabisha: springi ndefu haziinyanyui difu, lile yai la chuma lenye gia za kugawa nguvu kwa tairi. Kwenye ekseli nzima, yaani mhimili mmoja mgumu kutoka tairi ya kushoto mpaka ya kulia, difu iko ndani ya ekseli, ekseli imekaa kwenye tairi, kwa hiyo weka springi za urefu wowote unaotaka, yai la difu linabaki umbali uleule kutoka ardhini. Kinachopanda ni tumbo la gari, bampa na ngazi za pembeni, na hiyo ni faida ya kweli kabisa, maana ndo inayokuwezesha kupanda kingo bila kusugua pua, kushuka bila kuburuza mkia, na kuvuka tuta kali bila kukaa juu yake kama kuku anayeatamia. Difu ya hivyo inanyanyuliwa na tairi tu. Na tairi nayo inatoa kidogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua tairi ya saizi 265/70R17, kipenyo chake ni kama milimita 803. Panda mpaka 285/70R17 unapata kama 831. Tofauti ni 28, lakini nusu yake iko juu ya ekseli, kwa hiyo difu imepanda milimita 14, unene wa kidole. Halafu spidomita inaanza kukudanganya, ikisoma 100 wewe uko kwenye 103 na kitu.

Kwa hiyo unapanga kuanzia wapi? Wengi wanaanza na urefu, "nataka inchi mbili" au "nataka tatu", halafu wanatafuta springi. Mimi naona wameshika mkia wa ng'ombe badala ya kamba. Anza na uzito. Springi inauzwa kwa mzigo, urefu unaoandikwa kwenye boksi ni ahadi inayotimia kama mzigo wako unafanana na ule waliokusudia. Kaa chini na kalamu uandike vile vitu ambavyo haviondoki kwenye gari. Bampa ya chuma mbele, hiyo ni kilo 50 au 60 hivi kutegemea na muundo. Winchi, 30 mpaka 40. Betri ya pili. Keria ya juu. Droo za nyuma. Dizeli lita 80 peke yake ni karibu kilo 67. Halafu kwenye mstari mwingine andika vile vinavyoingia na kutoka, hema, maji, friji, mashemeji. Springi chagua kwa orodha ya kwanza, usichague kwa ile ya pili, maana ile safari kubwa unaenda mara mbili kwa mwaka na kazini unaenda kila siku.

Tuone hesabu kidogo. Tuseme springi yako ya nyuma inahitaji kilo 3 ili ishuke milimita moja. Ukiweka mzigo wa kilo 300 juu ya ekseli ya nyuma kila springi inabeba 150, gawa kwa 3, gari imeshuka milimita 50. Yaani inchi mbili zako zote zimeliwa, uko palepale ulipokuwa kabla hujatoa hela. Ndo mtu anasema "hizi springi feki". Sio feki, hakuzichagua kwa uzito wake. Na kinyume chake kipo na ndo kinauma zaidi: mtu ana gari tupu, ananunua springi za mzigo mzito kwa sababu jina linasikika vizuri, gari inasimama juu kama mbuzi kwenye jabali, kila tuta la barabarani linafika kwenye meno, na porini tairi inaning'inia hewani kwa sababu springi imegoma kunyumbuka. Niliwahi kupanda moja ya hivyo kiti cha nyuma, nikashuka nikiwa nahesabu pingili za mgongo.

Shokapu hapo inaingiaje? Shokapu haibebi gari, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka. Kwa hiyo ukibadilisha springi ukaacha shokapu za zamani umefanya makosa mawili. La kwanza, shokapu hizo ni fupi: springi ikitanuka kwenye shimo, shokapu inafika mwisho wake kabla, inagonga "kah", na kila ukigonga hivyo unaivunja polepole. La pili, nguvu yake imepimwa kwa springi laini ya mwanzo, kwa hiyo kwenye lami gari inayumba kama mashua. Nunua seti iliyopangwa pamoja, kama bajeti haifiki bora usubiri.

Sasa zile pembe. Hapa inategemea gari yako mbele ina nini.

Kama ni ekseli nzima, kina Patrol Y61, Land Cruiser 80, Jimny, Wrangler, adui yako wa kwanza anaitwa kasta. Hiyo ni ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe katikati ukiuachia baada ya kona, ni kama gurudumu la mbele la kitoroli cha dukani linavyofuata nyuma ya ile pini linayogeukia. Gari ikipanda, ekseli inazunguka kidogo na kasta inapungua, na digrii moja mbili tu zikipotea gari inaanza kutembea yenyewe barabarani, unakuwa kazi yako ni kuirudisha kwenye mstari kama unamchunga mtoto. Dawa ni bushi (zile raba za kwenye maungio ya mikono) zilizotobolewa nje ya katikati, au mabano ya kushusha mikono. Adui wa pili ni panhadi, ile fito ya mlalo inayozuia ekseli isiende kushoto kulia. Gari ikipanda fito inavuta ekseli upande mmoja, milimita kadhaa, ukisimama nyuma unaona tairi moja imetoka nje kuliko nyingine. Panhadi ya kurekebishika inamaliza hilo.

Kama mbele kila tairi iko huru, kina Prado na Pajero, hapo difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi kwa hiyo yenyewe inapanda na gari, na shafti zinazotoka kwake kwenda kwenye tairi zinainama. Ukizidisha, mpira wa sivijointi (kiungo kinachoiruhusu shafti kuzunguka ikiwa imepinda) unachanika, unaona grisi imeruka ndani ya rimu, na baada ya hapo ni mchanga tu unasubiriwa. Kamba nayo inaharibika (sio ya katani, ni ule mlalo wa tairi ukiitazama kwa mbele), kwa hiyo alaimenti, yaani kupanga upya pembe za tairi, ni lazima siku hiyohiyo, na mara nyingi unahitaji mikono mipya ya juu ili kasta irudi. Angalia pia wanaokuwekea kipande cha chuma juu ya shokapu ya mbele, kipande cha milimita 25 kinaweza kuinua gari karibu mara mbili ya hapo, maana shokapu haijakaa kwenye tairi, imekaa katikati ya mkono. Watu wanapima kipande wanadhani wamepima gari.

Ndo maana mimi kwa gari ya kila siku husimama kwenye milimita 40 mpaka 50. Hapo vingi bado vinavumilia. Ukivuka hapo unaanza kununua sehemu za kurekebisha zile sehemu ulizonunua, na uzito umepanda juu kiasi kwamba kona uliyokuwa unaikata kwa 80 sasa inakuambia tafadhali. Nchi nyingi pia zina kikomo chake cha kisheria, na bima isipoambiwa ina sababu ya kukukimbia siku ya ajali, kwa hiyo uliza kabla.

Kuna kimoja kinasahaulika sana. Toyota kadhaa za zamani zina fito nyembamba inayotoka ekseli ya nyuma kwenda kwenye valvu ya breki juu. Kazi yake ni kuhisi mzigo: nyuma ikiwa juu, valvu inaona gari tupu, inapunguza breki za nyuma zisikamate ghafla. Sasa wewe umeinua gari, valvu inaamini uko mtupu hata ukiwa umejaza familia nzima na mizigo. Kibano kidogo tu kinasogeza fito ikae sawa. Kipande cha chuma kisichozidi kiganja, na mafundi wengi hawakigusi.

Kabla ya kazi chukua futi, pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, tairi na upepo vitakudanganya. Wakati wa kufunga mwambie fundi nati za bushi za raba asizikaze gari ikiwa inaning'inia kwenye jeki, azikaze gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, la sivyo raba inaishi imejisokota na itachanika mapema. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho huku ekseli imening'inia, uone mpira wa breki haujakaza. Taa za mbele zishushwe, zimepanda na gari na sasa zinawapiga wenzako machoni. Halafu baada ya wiki chache pima tena palepale, springi mpya hukaa chini kidogo, na hizo namba za pili ndo urefu wako halisi.