Namba kubwa isiyogawanyika kwa 3 wala 7 si lazima iwe tasa

Wengi hutoka shule wakiamini kwamba namba kubwa ya witiri, isiyoishia na 5 na isiyogawanyika kwa 3 wala 7, ni namba tasa, yaani namba inayozidi 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Imani hii haikuzuka hivi hivi. Ukiacha 1, namba yoyote iliyo chini ya 121 inayopita kipimo hicho ni tasa kweli, na mazoezi mengi ya darasani hayavuki hapo.

Sasa chukua 1,000,001. Jumla ya tarakimu zake ni 2, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Igawe kwa 7, kwa 11, kwa 13: kila mara inabaki 2. Ukijaribu namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100, hakuna hata moja inayoigawa bila baki. Mtu akiishia hapo na kuitangaza tasa, simlaumu. Lakini inayofuata ni 101, nayo inaingia mara 9,901 kamili.

Kuhakiki mwenyewe kunawezekana, tena bila kufika nusu milioni. Ishia kwenye kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 1,000 na ushee kidogo sana: vigawo viwili vikizidi 1,000 vyote, zao lake haliwezi kupungua 1,002,001. Zinabaki namba tasa 168 za kujaribu, kazi ya kuchosha kidogo kwa kikokotoo cha simu. Ipitishe 1,000,003 humo humo. Utazimaliza zote bila kupata kigawo. Hiyo ndiyo tasa.