Shoti ya Dukani Haikatwi Kienyeji

Malalamiko ya kazi huongezeka mwisho wa mwezi, na moja tunalolisikia mara kwa mara ni la shoti. Keshia wa duka la jumla, mhudumu wa kituo cha mafuta, kijana aliyewekwa kwenye kibanda cha uwakala wa fedha: hesabu zikifungwa jioni na pesa ikapungua, tajiri anakata mshahara. Pengine anakata wa zamu nzima kwa sababu aliyeipoteza hajulikani. Mfanyakazi anapewa kilichobaki bila maelezo, na akihoji anaambiwa wanaoitaka kazi hiyo ni wengi.

Kwa Tanzania Bara, jambo hili lina kifungu chake. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamruhusu mwajiri kurudisha hasara kupitia mshahara, lakini kwa masharti yanayopaswa kutimia yote. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo. Mwajiri amwandikie chanzo cha hasara, kiasi chake na hesabu ilivyopigwa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kupinga, na makato ayakubali kwa maandishi. Kinachodaiwa kisizidi hasara halisi, na makato yasivuke robo ya mshahara wake wa fedha. Kwa hiyo anayelipwa shilingi 300,000 akapata shoti ya 200,000 hakatwi zaidi ya 75,000 kwa mwezi. Deni litaisha mwezi wa tatu. Ule mtindo wa "mkatwe wote" hauna pa kuegemea, maana hapo hakuna hata mmoja aliyethibitishiwa kosa.

Mwajiri anaweza kuuliza, na ni haki yake: je, pesa ikipotea kila wiki mikononi mwa mtu yule yule? Ampe barua ya kujieleza, kisha amwite kwenye kikao cha nidhamu. Kanuni za sheria hiyo za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kumwachisha mtu kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Wapo waajiri wenye sababu nzito kabisa wanaoshindwa kesi kwa kuwa walimfukuza mtu kwa ujumbe wa simu saa tatu usiku.

Chimbuko la mvutano wa namna hii, kwa maoni yangu, ni ile kauli ya "sisi tulielewana kwa mdomo". Kila upande ulielewa lake. Mwajiri alidhani chakula cha mchana ni sehemu ya ujira. Mfanyakazi alidhani ni ukarimu tu. Kifungu cha 15 cha Sheria hiyo ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi, malipo. Wengi wanaokwepa kuandika hudhani wanajilinda. Ukweli ni kinyume chake: mgogoro ukifika kwenye vyombo vya sheria na mwajiri hana karatasi, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa.

Kumwita mtu kibarua nako hakumwondolei hadhi ya mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huohuo wa 2004, inamchukulia kuwa ameajiriwa mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi ni chache mno. Vibarua wengi wa viwandani huzimaliza wiki ya kwanza.

Mengine yanajulikana zaidi, nayapitia haraka. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hutoka kwa mwajiri peke yake, kwa hiyo ukiuona kwenye makato yako, uliza. Wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kukukata zaidi ya 10. Fuatilia kama inafika. Kugundua siku ya kuacha kazi kwamba michango haikupelekwa ni balaa.

Mwajiri naye ana anachodai, na si kidogo. Anategemea mtu afike, afuate maelekezo halali, atunze mali na asitoboe siri za biashara. Kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana ni kosa linaloweza kukufukuzisha. Na notisi inawahusu wote wawili: anayelipwa kwa mwezi hutoa au kupewa siku 28. Vijana wengi hupokea mshahara Ijumaa na Jumatatu wako kwa tajiri mwingine, simu imezimwa. Huyo asishangae akidaiwa malipo ya notisi.

Mkishindwana, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na huanza kwa usuluhishi. Muda ndio unaowaangusha wengi: anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30, na madai mengine, yakiwemo ya makato, ni siku 60. Aliyechelewa lazima kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, hivyo aliyeko Unguja au Pemba aanzie huko.