Je, Misa ya padre aliyeanguka dhambini ni batili?

Katika filamu ya Mexico *El crimen del padre Amaro* (2002), iliyoongozwa na Carlos Carrera, padre kijana anampa mimba Amelia, binti wa parokia yake. Anampeleka kuitoa kwa siri, na binti anafariki kwa kuvuja damu. Paroko wake naye anajenga hospitali kwa fedha za wauza dawa za kulevya. Kisha Amaro yuleyule anaongoza Misa ya mazishi ya Amelia. Watazamaji wengi, hata Wakatoliki, huamini kwamba Misa ya namna hiyo ni maigizo matupu.

Kanisa linafundisha kinyume chake: Misa hiyo ni Misa kamili. Kanuni ya 916 ya Sheria za Kanisa inamkataza padre mwenye dhambi ya mauti kuadhimisha kabla ya kuungama, isipokuwa ana sababu nzito na hapati nafasi ya kuungama; hapo afanye majuto kamili, yaani ajute kwa kumpenda Mungu. Akipuuza, anajiongezea dhambi. Lakini kukatazwa si kubatilika. Waamini waliokuja kwa nia njema hawapungukiwi kitu.

Swali hili lilipasua Kanisa la Afrika Kaskazini. Katika dhuluma ya Kaisari Diocletian, kuanzia mwaka 303, baadhi ya viongozi wa Kanisa walisalimisha Maandiko ili yachomwe. Wadonati, kundi lililojitenga na Kanisa, wakashikilia kwamba sakramenti za wasaliti hao hazifai. Agostino, askofu wa Hippo, katika Algeria ya leo, aliwajibu kwa mfano wa maji yapitayo kwenye mfereji wa mawe: mfereji hauoti chochote, lakini bustani inastawi. Maji si mali ya mfereji. Kwake, abatizaye hasa ni Kristo, hata mkono ukiwa wa Yuda. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilithibitisha fundisho hilo mwaka 1547.

Kinachobatilisha Misa ni mambo mengine: aadhimishaye asiwe padre, mkate usiwe wa ngano, divai isiwe ya zabibu, maneno ya mageuzo (yanayogeuza mkate na divai kuwa Mwili na Damu ya Kristo) yaachwe, au nia ya kutenda litendalo Kanisa ikosekane. Mwaka 2020 padre mmoja wa Detroit aligundua kwenye video ya ubatizo wake kwamba shemasi alisema "Tunakubatiza" badala ya "Ninakubatiza". Ubatizo ulikuwa batili, na upadre wake pia, kwa kuwa asiyebatizwa hawezi kupewa upadre. Ilibidi abatizwe, apewe kipaimara na kupewa daraja upya. Hakuwa na kosa lolote, lakini Misa zake zote za awali hazikuwa Misa.

Upo mlango mmoja ambapo dhambi ya padre hubatilisha kweli, nao ni kitubio, sakramenti ya kuungama. Ili kuondolea dhambi, upadre peke yake hautoshi. Anahitaji pia ruhusa ya Kanisa, na Kanisa linaweza kuizuia. Kanuni ya 977 inasema padre hawezi kumwondolea mshiriki wake dhambi waliyotenda pamoja dhidi ya amri ya sita (usizini). Akijaribu, ondoleo ni batili. Papa Benedikto XIV aliweka katazo hilo mwaka 1741, na maana yake ni wazi: bila hilo, padre angeweza kumshawishi mtu dhambini kwa kumwahidi maondoleo palepale. Hata hivyo, mshiriki akiwa katika hatari ya kufa, kama Amelia anayevuja damu, katazo linaondoka na ondoleo linashika. Nje ya hatari hiyo, padre anayejaribu anatengwa na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo haiondolewi na askofu wake bali na Kiti cha Kitume, yaani mamlaka ya Papa, Roma.