Kodi za Khurasan: ufafanuzi kuhusu jizya, kharaji na stakabadhi

Tangu tufungue maonyesho ya nyaraka, swali linaloongoza ni hili: Mwislamu alitozwaje jizya, kodi ya kichwa ya wasio Waislamu? Wengine hawaulizi, wanakanusha tu kwamba jambo hilo lilitokea. Tunawaomba wasome kwanza.

Khurasan, makao yake Marw, ilikuwa jimbo la mpakani, mashariki mwa dola ya makhalifa wa Banu Umayya. Mara nyingi liwali wake aliteuliwa na mkuu wa Iraq. Qutayba ibn Muslim (705–715) aliwekwa na al-Hajjaj, mkuu wa Iraq wa wakati huo. Liwali hakuzunguka vijijini na daftari. Miji mingi ilisalimu amri kwa mapatano ya kulipa kiasi maalumu kila mwaka, na madihqani, wakuu wa Kiajemi wa pale pale, ndio waliogawa mzigo. Watu wakisilimu, kiasi cha mji hakikupungua. Dihqani alimwondolea huyu akamwongezea yule, na si lazima awe ameangalia dini ya mlipaji; hivyo hata Mwislamu aliweza kutozwa.

Khalifa Umar ibn Abdul-Aziz (717–720) alikataza kuwatoza jizya waliosilimu. Mwaka 728 liwali Ashras aliwaahidi watu wa Sughd, eneo la Samarkand, vivyo hivyo. Mapato yaliposhuka, akageuka. Mwanahistoria Tabari anasimulia kwamba watozaji waliwadhalilisha wakuu wa Kiajemi, wakachana nguo zao na kuwavika mishipi yao shingoni. Sughd ikaasi.

Karibu mwaka 739 liwali Nasr ibn Sayyar alitangaza utaratibu mpya: kharaji juu ya ardhi, kwa kila mwenye nayo, awe Mwislamu au la, jizya kwa asiye Mwislamu pekee. Inasimuliwa kuwa Waislamu 30,000 walikuwa wakitozwa jizya, na wasio Waislamu 80,000 wamesamehewa. Hesabu hizo ni za wasimulizi, zichukuliwe kwa tahadhari.

Kuhusu stakabadhi: picha tulizotundika ni za hati za Mir ibn Bek, mlipa kodi wa kaskazini mwa Afghanistan ya leo, za enzi ya Banu Abbas, makhalifa waliowafuata Banu Umayya (755–777). Soma kwa mpangilio huu: bismillahi, afisa aliyepokea, mlipaji, kodi ya mwaka gani, kiasi kwa dirhamu (sarafu za fedha), tarehe, kisha muhuri wa udongo. Muhuri si pambo. Bila uthibitisho wa malipo, mlipaji angeweza kudaiwa tena kodi ile ile.

Anayetaka nakala aombe kwa maandishi, ataje namba ya hati. Maombi yasiyo na namba yatarudishwa.